Ndoa ya shingo upande: kabla ya kuuliza walipendana lini

Miaka minne iliyopita nilimpa dada yangu mkubwa riwaya moja ya mapenzi ya enzi za kale nikamwambia, “Soma hii, dada. Ni kama maisha yako.” Kitabu kilirudi baada ya siku tisa. Alikuwa amekizungushia gazeti, akakiweka juu ya kabati la vyombo, akaniomba chumvi, akaenda zake. Hakusema neno juu yake, nami sikuthubutu kuuliza.

Dada aliolewa 1987 akiwa na miaka 17. Kazi ya baba ilikuwa imekwisha, sisi wadogo tulikuwa watano, na mwanamume aliyekuja kuposa alikuwa na lori. Wako pamoja mpaka leo, wana wajukuu, na ukipita kwao jioni utawakuta barazani wakimenya karanga kwenye ungo mmoja. Nilikuwa nikiuona ungo ule nikadhani nimeielewa ndoa yao. Ndiyo maana nikampa kitabu. Nilikosea vibaya, na karibu kila ninalowashauri wasomaji wenzangu leo limetokana na kosa hilo.

Kitabu chenyewe ni *A Civil Contract* cha Georgette Heyer, mwandishi Mwingereza, kilichotoka 1961. Nakala yangu niliinunua Kampala kwa muuza vitabu vilivyotumika. Karatasi zimegeuka rangi ya chai na jalada linashikiliwa na selotepu. Kapteni Adam Deveril anarudi kutoka vitani dhidi ya Napoleon mwaka 1814 na kukuta baba yake amefariki, amemwachia cheo, madeni, na shamba la ukoo lililowekwa rehani. Ana mama na ndugu wa kike wa kutunza. Anampenda Julia, msichana mzuri wa tabaka lake, lakini hana tena uwezo wa kumwoa. Baba yake Julia mwenyewe ndiye anayemwonyesha mlango mwingine: mzee Chawleigh, mfanyabiashara tajiri wa London, anayetaka binti yake wa pekee awe mke wa mtu mwenye cheo. Binti huyo ni Jenny, hana sura ya kugeuza watu shingo, na alisoma shule moja na Julia. Adam anamwoa shingo upande. Asichokijua ni kwamba Jenny amempenda kitambo.

Humu hamna kutekwa wala kutoroshwa usiku kwa farasi. Kuna hesabu za nyumba, chakula cha jioni, kilimo, mtoto anazaliwa. Mwishoni Adam anampenda mke wake, ila pendo lake halina moto ule aliokuwa nao kwa Julia, na mwandishi halifichi jambo hilo. Hapo ndipo wasomaji wanapogawanyika kabisa. Wengine wanasema ndiyo riwaya ya mapenzi iliyo ya kweli kuliko zote walizosoma. Wengine wanaifunga wakiwa na hasira kwa niaba ya Jenny.

Sisi tunasoma Jumamosi mchana, Walukuba hapa Jinja, Uganda, kwenye baraza ya fundi cherehani. Babu yangu alikuja kujenga bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, na Walukuba ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Makabila yalichanganyika mno hata Kiswahili kikawa lugha ya kuombana moto na kugombezana. Tuko wanane. Watatu hawasomi Kiingereza, kwa hiyo sura naisoma nyumbani, halafu nawasimulia, na penye mazungumzo mazito nafasiri sentensi kwa sentensi.

Jumamosi ya kwanza nilisema Adam “alilazimishwa” kumwoa Jenny. Fundi akasimamisha cherehani, mguu bado uko kwenye pedali.

“Alilazimishwa na nani?”

Nikatafuta jibu, sikulipata. Mama yake hakumlazimisha. Mzee Chawleigh alitoa pendekezo tu. Madeni hayana mikono.

“Basi alilazimika,” akasema, akaendelea kushona.

Nilikuwa nimesoma kitabu kile mara tatu na sikuwa nimeliona hilo. Anayelazimishwa ana mtu aliyesimama mbele yake. Anayelazimika ana deni, au njaa, au wadogo zake watano. Kuna anayeridhia baada ya kufikiri. Kuna anayekubali shingo upande, mdomo unasema ndiyo na mwili unaangalia kwingine. Na kuna anayependa. Kiswahili kimetupa ngazi nzima hapa, na ushauri wangu wa kwanza kwako ni kuitumia: kabla hujasema riwaya ya ndoa kama hii ni tamu au ni mbaya, mweke kila mhusika kwenye kipandio chake. Swali la walipendana lini liache kwanza. Uliza nani angeweza kukataa, na kukataa kungemgharimu nini.

Jaribu kwa Adam. Angekataa, angeuza shamba la mababu zake, ndugu zake wa kike wangeishi kwa kubana matumizi, naye angebaki askari. Ni hasara kubwa, lakini ni hasara anayoweza kuitazama na kuichagua. Jaribu kwa Jenny. Baba yake anampenda kama mboni ya jicho. Angesema hapana, angekula chakula kilekile kesho yake. Mimi naamini Jenny ndiye mtu mwenye uhuru mkubwa kuliko wote katika kitabu kile, mpaka asubuhi ya harusi. Kuanzia hapo mambo yanageuka. Uingereza ya wakati ule, mali ya mwanamke akiolewa iliingia mikononi mwa mumewe, isipokuwa ile ambayo baba mwenye mawakili wazuri ameifungia kwa hati. Sheria zilizobadilisha hali hiyo zilikuja 1870 na 1882. Kuivunja ndoa kabisa hadi mtu aweze kuoa au kuolewa tena kulihitaji sheria ya Bunge, mpaka 1857. Kwa hiyo Jenny aliingia mlango mpana uliokuwa na kitasa upande mmoja tu.

Bei ya kukataa usiipime kwa macho ya leo. Jane Austen, mwandishi aliyeishi enzi hiyohiyo, alikubali posa ya kijana mrithi wa mali kubwa jioni moja ya Desemba 1802, na asubuhi yake akaikataa. Hakuwa na mali yake mwenyewe, na baba yake alipofariki 1805 waliishi kwa kusaidiwa na kaka zake. Nikimsimulia mtu habari hiyo huwa namwomba aufikirie usiku ule mmoja kati ya ndiyo na hapana.

Jambo la pili ni kufuata fedha zinaelekea wapi. Hapa palituchukua Jumamosi mbili na hatukumaliza.

Kwetu Busoga na Buganda anayebeba ni upande wa mwanamume. Siku ya kwanjula, sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe, utaona magari yameinamia nyuma kwa mizigo: vikapu vya matunda, magauni ya gomesi ya akina mama, sukari, nyama, na bahasha ya ssenga, shangazi wa bibi harusi, haisahauliki. Sasa nikawaambia kwamba katika kitabu hiki baba wa bibi harusi ndiye anayelipia kila kitu, analipa madeni ya mkwe, anairembesha nyumba kwa namna anayoitaka yeye. Kimya kikatanda. Kisha fundi akasema kwa uchungu, “Kwa hiyo Jenny amenunuliwa mume.” Kijana mmoja mwanafunzi wa chuo akasema Adam ni mtu aliyejiuza na anastahili aibu. Nikamwuliza kama msichana angekubali kuolewa ili ndugu zake wale, angemwita hivyo? Hakujibu upesi, na nilimheshimu kwa kutojibu upesi.

Aliyetugeuza sote ni Hajati, mwanamke wa makamo anayeuza vitenge. Yeye hakuona kwa nini jina la kitabu liudhi watu. Kwa Kiingereza jina hilo linabeba maana mbili, mkataba wa kisheria na mkataba wa watu wanaotendeana kwa adabu, na nilikuwa nimelieleza kama kwamba lina dharau ndani yake. Hajati akasema, “Mwalimu, nikahi ni mkataba. Kuna walii wa kumwoza mke, kuna mashahidi, kuna mahari, na mahari ni ya mke mwenyewe, hata baba hana haki ya kuyala. Sijaona aibu ya mkataba. Aibu ni kutotimiza.” Kisha akahesabu kwa vidole alichoahidi Adam na alichotimiza, na hesabu ikamtoa Adam vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mazungumzo yakahamia nyumbani, kama inavyotokea kila mara. Mwanamke mmoja alieleza jinsi jirani yake alivyoshindwa kuondoka kwa mume aliyempiga, kwa sababu ng’ombe wa mahari walikuwa wameshatumika kumwozea kaka yake. Agosti 2015 Mahakama ya Juu kabisa ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Wengi barazani walikuwa hawajui uamuzi huo, na nikafurahi kwamba riwaya kuhusu Waingereza wa 1814 ndiyo iliyotufikisha kwake.

Ukitaka kukusanya maoni ya wasomaji juu ya kitabu cha namna hii, usikubali mtu aje na hukumu tupu. Sisi tunadai ukurasa. Unasema Adam hampendi Jenny? Tuonyeshe wapi. Asiyesoma Kiingereza anaeleza tukio, nami nautafuta ukurasa. Tulipoanza kufanya hivyo kelele zilipungua na mambo ya ajabu yakajitokeza. Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye nilidhani anakuja kwa ajili ya chai, alileta sehemu zinazomhusu Chawleigh, mzee mwenye sauti kubwa na zawadi zisizo na kiasi, anayejizuia kujisogeza kwa marafiki wa mkwewe ili asimwaibishe binti. “Huyu anapenda kwa mkono,” akasema. “Mdomo wake haujui.” Sote tulikuwa tumemcheka Chawleigh. Baada ya siku hiyo hakuna aliyemcheka tena.

Mwingine alileta habari za vita vya Waterloo dhidi ya Napoleon, Juni 1815, London ikiwa imejaa hofu na watu wakiuza hati zao za serikali, Adam akakopa na kununua kwa sababu alimwamini kamanda wake wa zamani. Anatajirika kwa akili yake. Mimi napaona hapo kuwa kiini cha kitabu: kwa mara ya kwanza tangu aoe, hamhitaji tena baba mkwe, na anabaki. Lakini fundi hakubali. Anasema mtu akibaki kwenye nyumba yake mwenyewe, na mwanawe yumo, hilo halihesabiki kuwa ni kuchagua. Tumeachana hapo.

Kuna riwaya nyingine za aina hii ambazo nazisema waziwazi, hasa kwa kuwa wasichana wa sekondari huja kuazima vitabu kwangu. Ziko ambamo mwanamke anaolewa kwa nguvu, analala na mumewe kwa nguvu, na baada ya kurasa 40 tunaambiwa hayo ndiyo mapenzi. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuzisoma akajifunza kwamba kilio chake ni sehemu ya utamu. Simnyang’anyi kitabu, kwa sababu atakitafuta kwingine. Nasoma naye. Namwambia Katiba yetu ya 1995, ibara ya 31, inataka miaka 18 na ridhaa huru ya mwanamume na mwanamke, kisha namwomba aniwekee kidole mahali ambapo huyu bibi harusi aliridhia. Mara nyingi kidole kinatembea ukurasa mzima, kinafungua mwingine, kinarudi.

Na sasa lile la dada. Usimpe mtu aliye hai riwaya ukamwambia ni yeye. Hata kama ndoa zinafanana kwa nje, hata kama unamwonea fahari. Mimi niliangalia mwisho wa Jenny na Adam, utulivu ule wa watu waliozoeana, nikaubandika juu ya ungo wa karanga. Nilikuwa namwambia dada yangu kwamba yote yalikuwa sawa kwa kuwa yaliishia vizuri, na sikuwahi hata siku moja kumwuliza yeye mwenyewe anaona yaliishia vipi. Kama unamfikiria mtu, mwambie tu kuna kitabu, ukipenda tutasoma pamoja. Kisha nyamaza.

Sikumwomba msamaha kwa maneno kwa muda mrefu. Mwaka jana nilimwambia, tukiosha vyombo baada ya hitima ya shangazi, kwamba nilikosea juu ya kile kitabu. Akasema, “Haya,” akanipa sahani ya kukausha.

Mwezi uliopita alikuja barazani Jumamosi, akakaa mwisho wa benchi karibu na mzee wa reli, akasikiliza tukimaliza sura ya pili mara hii tunaposoma upya. Watu walipotawanyika aliniomba kitabu. Kimekaa kwake wiki mbili. Juzi alinirudishia, hakikuwa na gazeti, na ndani yake kulikuwa na kipande cha kitenge kama alama, mahali ambapo Adam anamposa Jenny, wawili hao peke yao chumbani. Akaweka kidole juu ya mstari.

“Hapa anaulizwa,” akasema. “Nisomee tena hapa. Pole pole.”