Vipandikizi vya matiti havidumu maisha

Dada, umeuliza kama vipandikizi vya matiti ukishaviweka vinadumu maisha. Hapana, havidumu. Aliyekwambia unaweka mara moja umemaliza amekudanganya. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, yasema wazi kuwa kadiri vinavyokaa mwilini ndivyo uwezekano wa kurudi kwenye kisu unavyozidi. Vya silikoni huweza kupasuka kimyakimya, titi lisiume wala kubadilika umbo, ndiyo maana FDA wanashauri upigwe picha ya MRI au altrasaundi mwaka wa 5 au 6, kisha kila miaka 2 au 3. Gharama hiyo itie kwenye hesabu tangu sasa.

Mimi ni muuguzi hapa Malindi. Alikuja mama mmoja titi limekuwa gumu kama embe bichi, kadi ya vipandikizi hana, hajui hata ni vya aina gani. Nilimwonea uchungu sana. Idai kadi hiyo kabla hujatoka hospitali, maana 2019 vile vya kampuni ya Allergan vyenye uso wa kukwaruza viliondolewa sokoni duniani kote kwa sababu ya saratani ya limfu.

Na jina la daktari litafute kwanza kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari wa Kenya, imo mtandaoni.