Bakteria anagawanyikaje kila dakika 20 kama kunakili DNA kunachukua 40?

SWALI: Habari mwalimu. Niko mwaka wa kwanza kozi ya maabara hapa Kisumu na kuna kitu kimekataa kuingia kwa kichwa. Tumefundishwa ati bakteria E. coli akipata chakula kizuri anagawanyika kila dakika 20, halafu tena tunaambiwa kunakili DNA yake yote kunachukua kama dakika 40. Sasa inawezekanaje? Na hizo enzaimu zote kila moja ni ya nini, nimechoka kukariri majina. Bakteria wa kipindupindu naye anafanya hivyo hivyo? – Msomaji, Kondele

JIBU: Mdogo wangu, umeuliza swali zuri sana, wengi wanapita hapo bila kushtuka. Tuanze na hizo 40. DNA ya E. coli ni duara moja yenye jozi za herufi kama milioni 4.6. Kazi inaanzia sehemu moja tu inaitwa oriC, protini za DnaA zinajikusanya hapo zinalazimisha nyuzi mbili ziachane, halafu kunakili kunaenda pande zote mbili hadi zikutane ng'ambo ya duara. Kila upande una milioni 2.3, na polimeresi III, enzaimu inayoandika DNA mpya, inaandika karibu herufi 1,000 kwa sekunde, gawanya upate sekunde 2,300, yaani dakika 38 na kitu. Na hata ikimaliza, seli inakaa kama dakika 20 zingine ndio igawanyike. Jumla saa nzima!

Sasa enda steji ukaangalie matatu za Nakuru. Safari ni masaa kadhaa lakini hakuna mtu hungoja ya kwanza ifike ndio ya pili itoke, zikitoka kila dakika 20 basi hata Nakuru zitakuwa zinaingia kila dakika 20. Bakteria anafanya hivyo, anaanza raundi mpya pale oriC kabla ya ile ya kwanza kuisha, kwa hivyo seli inazaliwa na DNA ambayo tayari imeanza kunakiliwa kwa ajili ya watoto na wajukuu wake. Watafiti Cooper na Helmstetter ndio walioeleza hii mambo vizuri mwaka wa 1968. Chakula kikipungua anapunguza raundi.

Enzaimu usizikariri kama orodha, fuata shida inayotokea. Nyuzi zimeshikana, helikesi inazifungua na protini za SSB zinazizuia zisirudiane. Polimeresi haiwezi kuanza mahali hakuna kitu, kwa hivyo praimesi inaiwekea kipande kifupi cha RNA, ndugu wa DNA, cha kuanzia. Tena polimeresi inaandika kuelekea upande mmoja tu, basi uzi mmoja unaandikwa mfululizo na mwingine kwa vipande vya herufi 1,000 hadi 2,000, ndio hivyo vipande vya Okazaki, kutokana na Reiji na Tsuneko Okazaki wa Japani. Polimeresi I inatoa ile RNA na kujaza DNA, ligesi inaunga vipande.

Lakini ile ningependa uielewe kabisa ni jairesi. DNA imejisokota, kila jozi kama 10 ni mzunguko mmoja, so ukifungua herufi 1,000 kwa sekunde unasukuma mbele mizunguko karibu 100 kila sekunde, na isipoondolewa kazi yote inakwama. Jairesi inakata nyuzi zote mbili, inapitisha kipande kingine cha DNA katikati ya hapo ilipokata, halafu inaunga tena. Dawa ya cipro inaikamata hapo hapo ikiwa imekata, isiweze kuunga, na bakteria anabaki na DNA iliyovunjika. Ndio maana naumia sana nikiona mtu ananunua vidonge vinne vya cipro bila kupimwa, kwa sababu wale bakteria ambao jairesi yao imebadilika kidogo dawa isiishike vizuri ndio wanabaki na kuzaana.

Huyo wa kipindupindu, Vibrio cholerae, enzaimu zake ni za aina hiyo hiyo ila ana kromosomu mbili, yaani DNA yake iko katika duara mbili, kubwa ya karibu jozi milioni 3 na ndogo ya milioni 1. Ndogo haianzi pamoja na kubwa, inangoja mpaka kunakili kwa kubwa kupite sehemu inayoitwa crtS ndio nayo ianze, na zote mbili zinamaliza karibu wakati mmoja.