Kwa nini maji hayafiki mlimani, na maswali yenu mengine

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu mamlaka za maji zinazotumia modeli za kompyuta, yaani mfano wa mtandao wa mabomba unaopigiwa hesabu na kompyuta, kupanga mgao, kutafuta mivujo na kupunguza gharama ya umeme wa pampu. Barua zimekuja nyingi. Nimechagua hizi kwa kuwa zote zinagusa jambo linaloniuma: tunazalisha maji kwa gharama kubwa bila kujua yanaishia wapi.

Shikamoo mhandisi. Nakaa mtaa wa mlimani. Wenzetu wa bondeni wanapata maji kila siku, sisi mara moja kwa wiki, tena usiku wa manane. Hiyo kompyuta yenu itanisaidia nini?

Marahaba, dada yangu. Mafundi hupima presha kwa mita: presha ya mita 30 ni msukumo unaotosha kupandisha maji mita 30 juu. Kama bomba la bondeni lina presha hiyo na nyumba yako iko mita 25 juu yake, zimebaki mita 5 tu, na hizo zinaweza kumalizwa na msuguano wa maji bombani kabla hayajakufikia. Mchana bondeni kila mtu kafungua koki, maji yanakwenda kasi, msuguano unapanda. Usiku wamelala, presha inarudi, nawe unaamka kujaza ndoo.

Msuguano huo unategemea sana upana wa bomba. Ukiongeza kipenyo mara mbili, kwa kiasi kilekile cha maji, unashuka hadi karibu sehemu moja ya 30. Kwa hiyo dawa yako huenda si pampu mpya, bali kubadilisha kipande cha bomba jembamba lililolazwa enzi mtaa una nyumba chache. Kipande kipi? Ukikisia utachimba barabara nzima. Modeli inajibu kabla jembe halijagusa ardhi. Programu inayotumika sana ni EPANET, iliyotolewa bure na shirika la serikali ya Marekani la ulinzi wa mazingira tangu mwaka 1993. Unaingiza urefu na kipenyo cha kila bomba, mwinuko wa kila mtaa na matumizi ya maji saa kwa saa. Inakupa presha ya kila mahali kwa kila saa. Kisha unajaribu: tukijenga tenki juu ya kilima na kulijaza usiku? Tukitenganisha mlima na bonde kwa valvu, yaani koki kubwa ya bombani?

Lakini hapa nataka uwe macho. Kompyuta hutafuta mpango ulio bora kwa kigezo ilichopewa. Ikiagizwa "punguza gharama ya umeme" na basi, itawaacha nyinyi wa mlimani bila maji, maana maji yenu ndiyo ghali kuyapandisha. Ikiagizwa "kila nyumba ipate presha ya mita 10 angalau saa sita kwa siku, kisha ndipo upunguze gharama," jibu linakuwa jingine kabisa. Uamuzi huo si wa kompyuta wala wa mhandisi peke yake. Mkiitwa mkutanoni na mamlaka yenu, ulizeni: mpango huu ulitafutwa kwa kigezo gani, na ni mtaa upi uliokubaliwa ukose?

Mji unakua, maji hayatoshi. Si afadhali fedha hizo zichimbe visima vipya?

Wakati mwingine ndiyo. Mwishoni mwa mwaka 2022 Mto Ruvu ulipungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Hakuna hesabu inayotengeneza maji mtoni. Ila kabla ya kutafuta chanzo kipya, hesabu kwanza ulichonacho. Kenya, ripoti za WASREB, bodi inayosimamia watoa huduma za maji, zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaingizi hata senti: yanavuja, yanaibwa, au yanapita kwenye dira mbovu, yaani vifaa vya kupimia maji. Ukiongeza kisima katika mtandao wa namna hiyo, karibu nusu ya kisima umewachimbia wezi na mivujo.

Mji wa Phnom Penh, Kambodia, ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993, nchi ikiwa imetoka vitani. Chini ya mkurugenzi wa mamlaka yake ya maji, Ek Sonn Chan, upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6. Walifunga dira kwa kila mteja, wakasahihisha daftari la wateja, wakawalipisha hadi wakubwa wa serikali na jeshi, wakaweka vikosi vya kushughulikia mivujo usiku na mchana. Data ilikuja kwanza, teknolojia ya kifahari baadaye.

Mvujo mdogo usiudharau. Unaotoa lita 1 kwa sekunde humwaga lita 86,400 kwa siku, yaani madumu 4,320 ya lita 20. Kuukamata si uchawi: gawa mji katika kanda, kila kanda na dira yake pale maji yanapoingilia, kisha isome kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Watu wamelala, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yanayopita saa hizo ni mvujo. Kanda yenye usomaji mkubwa ndiyo inayopelekewa mafundi kesho asubuhi. Na kwa kuwa presha kubwa huzidisha mvujo, kuipunguza usiku kwa valvu huokoa maji hata kabla tundu halijaonekana.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji kijijini. Tuna kisima, pampu ya dizeli, tenki na vituo vichache vya kuchotea. Kompyuta hatuna.

Daftari mnalo. Kila jioni, saa ileile, andikeni usomaji wa dira ya kisimani, wa kila kituo, saa pampu ilipowashwa na kuzimwa, na lita za dizeli. Tuseme pampu imetoa lita 40,000 na vituo vimetoa 29,000, na tenki limebaki vilevile: lita 11,000 zimekwenda wapi? Mkiona dizeli ileile inaleta maji machache mwezi hadi mwezi, ama pampu imechakaa ama maji ya kisima yameshuka. Miezi mitatu ya daftari hilo itamfaa mhandisi yeyote atakayekuja, na mjumbe wa kamati hawezi kudanganywa na mkandarasi akiwa nalo mkononi.

Ni kweli akili mnemba inaweza kutabiri bomba litapasuka lini?

Siku hapana. Inachoweza ni kupanga mabomba kwa hatari, kwa kuangalia umri, aina, udongo na historia ya mipasuko. Historia hiyo ndiyo haipo katika miji mingi: fundi anachimba, anaziba, anafukia, anaondoka. Mpeni fundi simu na fomu fupi yenye mahali, kipenyo, aina ya bomba na picha. Bila hayo hakuna cha kujifunza.

Nasoma uhandisi wa maji mwaka wa tatu. Nianzie wapi?

Anza na mtaa mmoja. Jenga modeli yake kwenye EPANET, kisha beba geji ya presha uzunguke bombani kwa watu. Modeli ikisema mita 30 na geji ikasema 8, usikimbilie kurekebisha tarakimu ili zifanane. Kuna kitu chini ya ardhi: valvu iliyofungwa nusu ikasahaulika chini ya lami, au bomba la inchi 3 ambalo ramani inaliita inchi 6. Kutofautiana huko ndiko kuzuri kuliko yote, kwa sababu kunaonyesha pa kuchimba.

Ukishamudu hapo, ingia kwenye kutafuta mpango bora. Mtandao wa mabomba 20 tu, kila moja likiwa na vipenyo 8 vya kuchagua, una mipango zaidi ya trilioni milioni moja. Huwezi kuijaribu yote. Njia mojawapo hutunga mipango mia kadhaa kwa kubahatisha, hutupa mibaya, huchanganya mizuri, hurudia hivyo mara nyingi. Maktaba ya WNTR, mkusanyiko wa programu za kuigiza mitandao ya maji kwa lugha ya kompyuta ya Python, ni ya bure na itakusaidia.

Kwa nini baada ya mgao maji hurudi machafu, na dira inazunguka kwa upepo?

Bomba likiwa tupu halina presha ya kuzuia maji ya mtaro yasiingie kwenye nyufa. Maji yakirudi yanasukuma uchafu huo pamoja na hewa, na hewa huzungusha dira. Funga koki yako kuu hadi maji yatulie, na ya mwanzo usiyanywe. Kwa mamlaka, mpango mzuri wa mgao ni ule unaoacha presha ndogo bombani muda wote badala ya kukausha kabisa, na hilo nalo modeli inaweza kulipanga, mradi dira za kanda zipo na zinasomwa.