Mama yuko kwenye kemo: tumpe majani ya mstafeli?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana saratani ya titi, hatua ya 2. Alimaliza dripu 4 za ile dawa nyekundu, sasa amepata 2 za paklitakseli na zimebaki 2. Shangazi ameleta majani ya mstafeli pamoja na unga wa manjano uliochanganywa na pilipili manga. Anasema mstafeli unaua saratani mara 10,000 kuliko kemo, na hauna madhara kwa kuwa ni wa asili. Tumpe kiasi gani? Na je, asimamishe dripu kwanza mwili upumzike? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hakuna kiasi cha kumpa, na dripu zisisimame.

Hiyo "mara 10,000" naletewa karibu kila wiki, kwa hiyo tuifuate hadi ilikotoka. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha kazi kuhusu kemikali walizozitoa kwenye mbegu za stafeli. Mbegu, si majani. Kemikali moja kati ya hizo, ikiwa imesafishwa, iliwekwa kwenye seli za saratani ya utumbo mpana ndani ya kisahani cha maabara, ikawa na nguvu mara 10,000 ya doksorubisini, ambayo ndiyo hiyo dawa nyekundu ya mama. Hapakuwa na mgonjwa, wala titi, wala chai ya majani. Sabuni ya kufulia nayo inaua seli za saratani kwenye kisahani. Kazi ngumu ni kuifikisha dawa kwenye uvimbe kwa kiwango kinachotosha, bila kuua uboho, ini na moyo njiani.

Na huyu anayesema "kemo ni kemikali, mimea ni asili" hajui mama anatundikiwa nini. Paklitakseli ilitoka kwenye magome ya mti wa Marekani, Taxus brevifolia. Magome yalikusanywa 1962, dawa ikaidhinishwa 1992. Miaka 30 hiyo ilikwenda katika kuitenga, kujua inavyozuia seli kugawanyika, kutafuta kipimo, na hata kutafuta namna ya kuiyeyusha, maana haiyeyuki kwenye maji. Ile ya kawaida huyeyushwa kwa kitu kilichotengenezwa kutokana na mafuta ya mbono, na hicho ndicho kinachowaletea wengine mzio. Ndiyo maana mama huchomwa deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, pamoja na dawa ya mzio kabla ya dripu. Sasa chukua mti huohuo, chemsha majani yake unywe: yana sumu nyingine, taksini, inayosimamisha moyo.

Vinka, ua dogo la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska, lina kisa kama hicho. Watu walinywa chai yake kutibu kisukari. Miaka ya 1950 Robert Noble na wenzake huko Kanada waliwanywesha panya dondoo lake, sukari haikutikisika. Walipowachoma sindano, panya walikufa kwa maambukizi kwa sababu chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Kutoka hapo tukapata vinblastini, kisha vinkristini, na hadi leo zote mbili hutolewa kwa mshipa tu.

Turudi kwa mama. Mstafeli una anonasini, sumu ya neva. Guadeloupe, visiwa vya Karibea wanakotumia sana tunda na chai ya majani yake, ulihusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Paklitakseli nayo huleta ganzi vidoleni. Mama akitumia vyote viwili, daktari atashindwa kujua ganzi imetoka wapi, na huenda akapunguza dawa isiyo na kosa. Kipande cha stafeli siku mojamoja si kesi. Manjano ya mchuzini pia hayana neno, ila unga wa vijiko na pilipili manga ni jambo jingine: piperini, kemikali iliyomo kwenye pilipili manga, hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini, vikiwamo vinavyovunja paklitakseli, na dawa inaweza kukaa kwenye damu kuliko ilivyopangwa.

Kuhusu kupumzika, mapumziko yamo tayari kwenye ratiba, ndizo hizo wiki kati ya dripu na dripu. Kabla ya kila dripu ya wiki 3, nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, zinapaswa kuwa angalau 1,500 kwa mikrolita ya damu. Zikipungua, ni daktari anayeahirisha, si shangazi. Homa ikifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, na msitangulize panadol ikaificha.

Saratani ya titi ya hatua ya 2 wengi hupona. Utafiti wa Yale uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa wagonjwa wa titi waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 5 ya waliotibiwa hospitalini. 

Mkimbieni muuzaji ambaye dawa yake moja inatibu sukari, presha, saratani na nguvu za kiume. Mkimbieni zaidi ikiwa mgonjwa anachangamka ndani ya siku 3, anakula sana na uso unajaa. Baadhi ya unga huo huchanganywa kisirisiri na steroidi. Familia inashangilia, uvimbe unaendelea kukua. Na akiuacha ghafla baada ya wiki kadhaa, presha inashuka na anaweza kuzimia. Kama mama ameshaonja chochote, chukueni pakiti au hayo majani yenyewe, muende nayo kliniki kabla ya dripu ijayo, na mseme alianza lini na alikunywa vikombe vingapi.