Re: Wazungu waliopinga utumwa Marekani, walikuwa na upendo au maslahi?

Mkuu, umeuliza kama wale wazungu waliopinga utumwa Marekani walikuwa wanawaona weusi ni wenzao. Wapo waliowaona hivyo, ila wengi hapana kabisa. Cheki Oregon, kule magharibi mwa Marekani, mwaka 1857, wapiga kura walikataa utumwa halafu siku hiyo hiyo wakapitisha kwamba weusi huru wasihamie kule, yaani wengi wao hawakuwa na habari na mateso ya mtumwa, hawakutaka tu kushindana kwa riziki na kazi ya bure ya watumwa na wala hawakutaka jirani mweusi, basi. Hata ndani ya harakati zenyewe, Frederick Douglass ambaye alitoroka utumwani kasimulia jinsi wenzake wazungu walivyokuwa wanambana jukwaani aeleze tu yaliyomkuta, kuchambua awaachie wao, tena aongee kidogo kama mtu wa shambani ili watu waamini kweli alikuwa mtumwa. Dharau gani hiyo! Rais Lincoln naye mwaka 1862 aliita viongozi weusi Ikulu akawashawishi watu wao wahamie Amerika ya Kati. Ila usiwatie wote kapu moja, Thaddeus Stevens, mbunge mzungu aliyepinga utumwa, alipofariki 1868 alizikwa kwenye makaburi yasiyobagua rangi, na alichagua mwenyewe.