Nyumba yangu ya Mkomani na gofu la ubavuni

Dada, umeuliza ufanyeje na gofu la jirani, nyumba iliyobomoka, linalokukimbizia wanunuzi wa nyumba yako. Hayo yalinikuta hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, nilipokuwa nauza nyumba ya marehemu mama. Ubavuni mwetu dari zilikuwa zimeshuka, boriti zimelala juu ya kifusi, mwarobaini umeota katikati ya kiwanda, yaani ua wa ndani, na wapita njia wanatupa taka humo. Wanunuzi watatu walisifu zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani, wakapanda juu, wakaliona gofu, wasirudi.

Nikakosea. Niliweka kiambaza cha makuti kule juu ili lisionekane. Wa nne akauliza makuti yale yanaficha nini. Niliona haya, maana kumficha mnunuzi aibu ya nyumba si halali, nami nalijua hilo.

Ndipo nikawatafuta wenyewe. Mirathi ilikuwa haijagawanywa. Warithi saba, wengine Mombasa, wawili Omani. Aliye karibu alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa Langoni. Nilikwenda na mke wangu baada ya alasiri, bila malalamiko. Nikamwambia, "Bi mkubwa, sitaki nyumba yenu, naomba ruhusa ya kufagia tu." Akanyamaza kitambo, kisha akatueleza chumba alichozaliwa kilikuwa upande gani. Miaka yote alikuwa akizunguka njia nyingine asipite hapo. Mimi nilikuwa nikimdhania hajali! Aliwapigia nduguze mwenyewe, tukaandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili: nasafisha kwa gharama yangu, sipati haki yoyote ya kiwanja. Usiruke karatasi hiyo, hata mkipendana vipi.

Taka na kifusi tulitoa kwa punda. Boriti nzima tuliwapangia pembeni, ni mali yao. Mwarobaini ukate, lakini mizizi iliyoingia ukutani usiing'oe kwa nguvu, itakuja na mawe.

Ukuta ndio ulionigharimu zaidi, kwa kuwa nyumba zile mbili zinautumia mmoja. Fundi wa zamani alikuwa ameuziba kwa saruji, na mawe ya matumbawe yakizibwa hivyo unyevu haupati pa kutokea, plasta inabanduka upande wako. Tuliibandua saruji, tukarudisha chokaa. Kabla ya kugusa chochote pitia ofisi ya makumbusho inayosimamia uhifadhi: mji wa kale umo katika urithi wa dunia tangu 2001, hujengi wala hubomoi utakavyo.

Mnunuzi wa tano nilimwingiza kwenye gofu kwanza, kabla hajaona sebule yangu. Nikamweleza habari za warithi, za ukuta, na kwamba masika maji bado huingia upande ule. Alipunguza bei, nikakubali. Akaniomba pia nimpeleke Langoni, akaongee na bibi kama ndugu zake watakubali kuuza. Nilimpeleka siku ile ile.

Wa kwako ni warithi au mwenyewe yu hai? Nijibu hilo kwanza, maana karatasi yenyewe huandikwa tofauti.