Dodoma hadi Kunduchi na watoto wa miaka 3 na 5: lala kwanza, maji kesho

Mama Neema, usikate tiketi za kwenda na kurudi Jumamosi hiyo hiyo. Kama ya kurudi umeshaikata, nenda leo kaulize kama inabadilishwa, haya mengine utasoma baadaye.

Umesema una watoto wawili, wa miaka 3 na 5, unatoka Nkuhungu, unataka kupanda SGR, ile treni ya umeme, alfajiri, uwapeleke Wet 'n' Wild, ile bustani ya michezo ya maji pale Kunduchi, Dar, kisha mrudi Dodoma na treni ya jioni. Ukauliza bajeti, chakula, nguo, keki ya kuzaliwa ya mkubwa, na kama bibi yao aje. Mtu akakujibu kwa mstari mmoja: "Inawezekana kabisa dada, Dar siku hizi ni pua na mdomo." Na watu wakampigia makofi. Inaniuma, kwa sababu jibu hilo linarudiwa kila likizo, na kila likizo kuna mama anayelilipia.

Tupige hesabu pamoja, saa kwa saa.

Tufanye treni inatoka saa 12 kamili asubuhi. Stesheni iko Mkonze. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, tiketi na kitambulisho vinakaguliwa, na treni haimsubiri mtu. Ukiwa na watoto uwe umefika saa 11 au kabla. Maana yake umetoka nyumbani saa 10 na robo, na watoto umewaamsha saa 9 na nusu usiku. Mtoto wa miaka 3 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ukijumlisha ule wa mchana. Hapo safari haijaanza na umeshampunguzia saa mbili au tatu.

Njiani ni kama saa tatu na nusu hadi nne, kutegemea treni na vituo inavyosimama. Watu wanasema "atalala humo humo". Mkubwa anaweza. Mdogo ni shida, na sababu iko kwenye tiketi: aliye chini ya miaka 4 anasafiri bure, na bure maana yake ni mapajani kwako. Kiyoyozi kinapuliza, taa zinawaka, stesheni zinatangazwa, na kaka yake anamtikisa aone mahandaki ya Kilosa. Akisinzia nusu saa, shukuru Mungu.

Saa 4 mko Dar. Hapa ndipo hesabu ya watu inapokatikia, wanadhani kufika Dar ni kufika Kunduchi. Stesheni iko katikati ya mji. Kunduchi iko kaskazini, kilomita ishirini na kitu kwa Barabara ya Bagamoyo. Kwenda choo, kununua maji, kupata usafiri: nusu saa. Barabarani saa nzima mkiwa na bahati, saa moja na nusu mkiikuta foleni ya Mwenge. Mnafika getini saa 6 mchana. Foleni ya tiketi, kufungwa bangili, kubadili nguo, kutafuta kivuli cha kuweka begi: nusu saa nyingine. Mtoto anatia mguu majini saa 6 na nusu, jua likiwa utosini.

Sasa anza kurudi nyuma kutoka jioni. Kama treni ni saa 12, inabidi muwe stesheni saa 11 kasoro, na kwa foleni ya kurudi mjini muwe mmeondoka Kunduchi saa 8 na nusu. Kuoga, kukausha, kuvalisha, kutafuta kiatu kilichopotea: mtoke majini saa 8. Mmebaki na saa moja na nusu ya maji, na ndani yake kuna chakula cha mchana. Mmesafiri zaidi ya kilomita 900 kwa hiyo saa moja na nusu, mnaingia nyumbani saa 5 usiku. Mkichelewa treni, mnalipa nauli upya na mnatafuta gesti gizani na watoto begani.

Na hiyo saa moja na nusu yenyewe ni ile mbaya kuliko zote. Usingizi wa mchana wa mtoto wa miaka 3 unakuja kati ya saa 7 na saa 8. Mwangalie: anasugua macho, anataka kubebwa, ukimbeba anajipinda ashuke. Ngazi ndogo ya slaidi aliyokuwa akiipanda vizuri, sasa mguu unakosa kidaraja. Midomo inaanza kupauka, kidevu kinacheza, vidole vimekunjamana, na hewa ya nje ina nyuzi 30 na zaidi. Mwili mdogo unapoteza joto majini haraka kuliko wako, na akiwa na njaa na usingizi ni haraka zaidi. Mama anadhani mtoto ni mkorofi, kumbe amechoka.

Uchovu huo ni hatari kwa sababu na wewe umeamka saa 9 usiku. Mtoto anayezama hapigi kelele. Hapungi mikono kama tunavyodhani. Kichwa kinalala, mdomo unaingia majini, kimya, na ni suala la sekunde, hata kwenye maji yanayomfika kifuani. Mama aliyechoka anakaa ukingoni, anajibu simu moja, anapangusa uso. Mwokoaji aliye pembeni ana watoto wengi wa kutazama, hawezi kuwa jicho lako. Kwa umri wa wanao, mtu mzima awe majini, umbali wa kunyoosha mkono akamshika. Yale maputo ya mikononi ni ya kuchezea, yanachomoka na yanapungua upepo. Ukitaka kifaa, tafuta jaketi okozi la saizi yake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu.

Ndiyo maana nawachukia hawa wanaosambaza matangazo ya WhatsApp ya "Dar asubuhi, Dodoma jioni, watoto wafurahi". Wanahesabu saa za treni tu. Hawahesabu usingizi, foleni, geti wala kuvalisha. Wewe ukikwama saa 10 jioni pale Mwenge hawapo. Na wale mnaojibu "inawezekana" bila kuuliza umri wa watoto, acheni. Kijana na mchumba wake inawezekana. Mama na mtoto wa mapajani, hapana.

Basi kanuni ni hii, na hii usiipunguze: lala kwanza, maji kesho. Usiku mmoja kamili Dar kabla ya kuingia getini.

Ondokeni Ijumaa, kwa treni itakayowafikisha Dar kabla ya watoto kuchoka. Laleni. Jumamosi muwe getini linapofunguliwa, watoto wamekunywa uji. Asubuhi maji ni masafi, foleni za slaidi hazipo, jua bado lina huruma. Kuanzia saa 4 hadi saa 9 jua la Dar ni kali kuliko watu wa bara tunavyodhani, kwa sababu mawingu na upepo wa bahari vinadanganya. Wavalishe fulana za mikono mirefu za kuogelea, mafuta ya jua yapake usoni, shingoni na juu ya nyayo, na rudia kila baada ya saa mbili. Kila dakika arobaini hivi watoe majini, wakaushe, wanywe maji, wakae kivulini. Mtoto aliyezoea joto kavu la Dodoma atatoka jasho Dar lisilokauka, na akiwa majini hutaliona hilo jasho kabisa. Usisubiri aombe maji, mpe.

Saa 6 na nusu au saa 7 mtoke. Hata kama wanalia, hata kama tiketi ni ya siku nzima. Kile mtoto wa miaka 3 na wa miaka 5 wanachoweza kupata mahali pale wameshakipata. Mkale, mkalale. Jumapili mnarudi mkiwa watu.

Mahali pa kulala ndipo watu wengine wanapoharibu, hata wakishakubali kulala. Kuna shangazi Mbagala au mjomba Gongo la Mboto, na heshima inataka mfikie kwake. Ukifikia Mbagala umebaki na Dar nzima ya kuvuka asubuhi, na ule usiku uliolipia umeutupa. Usiku wa Ijumaa laleni upande wa Kunduchi: Tegeta, Mbezi Beach, Kawe, mbali kabisa iwe Mwenge. Gesti ya kawaida yenye feni na chandarua inatosha. Kwa shangazi mwende Jumamosi jioni na mlale huko, watoto wameshacheza, zawadi mkononi, na maneno yote matamu. Mpigie mapema umweleze, atakuelewa kuliko akisikia mlipita bila kumwona.

Bibi aje kama ataingia majini. Unahitaji mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, kwa sababu mkubwa atakimbilia slaidi na mdogo atataka dimbwi la kina kifupi, na huwezi kujigawa. Kama bibi ni wa kukaa kwenye kiti na kulinda mabegi, mtafute mtu mwingine. Nauli ya kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwaka 2024 kati ya Dar na Dodoma ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Kwa hiyo watu wazima wawili na huyo wa miaka 5 ni 77,500 kwenda, 155,000 kwenda na kurudi, kama haijapanda na kama hamtachukua treni ya haraka. Kabla ya kusema chumba cha gesti ni ghali, kilinganishe na fedha hiyo yote kuliwa na saa moja na nusu ya maji.

Kabla ya kulipa kiingilio, wapime urefu. Chukua tepu ya fundi cherehani, mtoto bila viatu, visigino na mgongo vimegusa ukuta, kitabu kilale juu ya kichwa, weka alama. Slaidi kubwa huwa zinapangwa kwa urefu, umri hauangaliwi, na kwenye bustani nyingi za maji mstari uko karibu na sentimita 120. Huyo wa miaka 5 pengine yuko 105 au 110. Mwambie nyumbani kwamba ile ndefu ya kujizungusha si yake mwaka huu. Ukimwacha aambiwe na mlinzi juu ya ngazi, baada ya kupanga foleni kwenye sakafu inayounguza nyayo, kilio kitamaliza asubuhi yenu. Na usimpakate ukashuka naye slaidi. Mguu wake ukigusa ukingo unakwama, uzito wako unaendelea kushuka, na mfupa wa muundi unavunjika. Wazazi wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini akishuka mwenyewe kwenye slaidi ndogo, wewe ukimsubiri chini, ni salama zaidi.

Nguo za kuogelea ziwe za rangi ya machungwa, waridi kali au kijani cha kung'aa. Bluu na nyeupe zinapotelea majini, ukitazama kutoka juu unaona maji tu. Namba yako ya simu iandike mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika, wote wawili. Pampasi ya kawaida inanyonya bwawa hadi inapasuka, nunua zile za kuogelea kama mdogo bado anazivaa.

Chakula cha njiani: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji. Na najua utabeba zabibu, nani anaondoka Dodoma bila zabibu. Zikate vipande vinne kwa urefu kabla ya kuondoka. Zabibu nzima inaziba koo la mtoto wa miaka 3 barabara, na treni ikiyumba kidogo anapocheka inatosha. Karanga usimpe kabisa njiani. Sweta au kitenge kiwe juu ya begi, siyo chini.

Kama kweli huna siku ya pili, kazi haikuruhusu, basi bakini Dodoma. Wapeleke Chinangali Park asubuhi, au lipia bwawa la hoteli lenye sehemu ya watoto, mrudi walale saa 7 kitandani kwao. Huyo wa miaka 3 anataka maji ya magotini na kikombe cha kumwagia. Kunduchi haitahama.

Likizo ya Aprili usiende, masika ya Dar yanakufungia hotelini na barabara zinajaa maji. Juni ni nzuri kuliko Desemba: joto limepungua, hewa haigandi mwilini.

Piga simu Kunduchi kabla ya kukata chochote na uulize mambo manne: siku hiyo wako wazi kwa wote au wameitenga kwa kundi fulani tu, geti linafunguliwa saa ngapi, kiingilio cha watoto wanapanga kwa umri au kwa urefu, na chakula cha mtoto mdogo kinaruhusiwa kuingia. Ukishajibiwa, kata tiketi ya Ijumaa kwanza, halafu chumba, halafu tiketi ya Jumapili. Likizo viti vinajaa mapema, na cha Jumapili mchana ndicho kinachoisha kwanza, kwa hiyo usikiache hadi mfike Dar.